Sistimu Inayotaka Mtu

Katika chuo chetu karibu na Karurumo, mkutano una sheria moja isiyoandikwa popote: anayetoa wazo ndiye anayepewa kazi. Aliyesema choo cha wanafunzi kinanuka alifanywa mwenyekiti wa usafi. Aliyelalamika kwamba maandazi ya saa nne yamekuwa madogo ndiye anayenunua maandazi mpaka leo. Ndiyo maana walimu wetu, ambao wakiwa nje kwenye jua hawanyamazi, wakiingia mkutanoni huwa mabubu, kila mmoja akichungulia kikombe chake.

Mimi nilikuwa na sababu kubwa ya kunyamaza kuliko wote. Mume wangu na binti yetu mdogo waliishi Meru, kwenye vyumba vya kupanga huko Majengo, nami nilikuwa huku chuoni, Embu, juma zima, mara nyingine majuma mawili. Nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha upande wa Nchiru, huko huko Meru. Kilichobaki ni mkuu wa chuo kuniachilia, na alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake kwamba muhula ukiisha niende. Nilikuwa nimeanza hata kugawia majirani vyombo.

Kisha bodi ikaamuru tuwe na masomo ya mtandaoni. Ikaundwa kamati ya kuchagua sistimu, na kwa kuwa nafundisha kompyuta, sikuulizwa kama nataka kuwamo.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, tuendelee na magrupu ya simu, ambamo somo la ushonaji hupotelea katikati ya salamu za asubuhi na matangazo ya harambee. Ya pili ni sistimu ya kukodi: kampuni inaitunza huko kwao, sisi tunalipa na kufungua tu. Mwuzaji wao alikuja na modemu yake mwenyewe, akaionyesha ukutani, na kusema kweli ilipendeza. Mkuu alipiga makofi. Ya tatu haina mwuzaji. Unaiweka bure kwenye mashine yako, hapo hapo chuoni. Mwanafunzi akiwa ndani ya ua anavuta masomo ya wiki nzima kwenye simu bila bando, anaenda nayo nyumbani. Lakini stima ikipotea, lazima mtu aiwashe upya. Masomo, lazima mtu ayapakie. Mwanafunzi akisahau neno la siri, na wao husahau kila Jumatatu, lazima mtu amfungulie. Inataka mtu wa kukaa nayo, na chuoni kwetu mtu huyo alikuwa mimi peke yangu.

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Niisifu ile ya kukodi, au ninyamaze tu ijipitie yenyewe, kisha nifungashe.

Tatizo ni kwamba nilienda kuijaribu. Jumamosi moja nilishuka hadi kwao mwanafunzi wangu mmoja, upande wa Mbeere, kule joto linakopanda na netiwaki inakoshuka. Msichana huyo hukosa madarasa siku za kuchuma muguka, yale majani ya kutafuna, na ni watu kama yeye tuliosema sistimu ingewasaidia. Nikamwomba afungue ile ya kukodi kwenye simu yake. Alipanda jiwe nyuma ya zizi la mbuzi, akainua mkono juu, akangoja. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Mama yake akaniletea uji, nikanywa, nikamaliza, kiduara bado. Msichana akashuka akiniomba msamaha, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Nilikasirika kwelikweli, na aliyenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe kwa kwenda kuona.

Mkutano ulifunguliwa kwa maombi, chai ikaja. Mkuu akasema inaonekana tumekubaliana ile ya kukodi. Wenzangu wakachungulia vikombe. Nilimfikiria binti yangu, nikakaza midomo, nikaanza kusoma kalenda ukutani. Mkuu alikuwa tayari anamgeukia katibu aandike, nikajikuta nimesimama.

Nikasema ile itawafaa walio karibu na barabara pekee, na wale wa kule chini tutakuwa tumewafungia mlango. Nikaeleza jiwe, nikaeleza kiduara. Kisha nikaieleza ile ya tatu toka mwanzo hadi mwisho, vizuri mno, kwa hasira. Nilipokaa nilisikia wenzangu wakishusha pumzi, ile pumzi ya watu ambao kazi imewapita.

"Madam ameongea ukweli," mkuu akasema. "Tuchukue hiyo. Na vile yeye ndiye anaielewa, tunamwachia."

"Na ile mambo ya Nchiru, mkuu?"

"Si hata wewe umesema inataka mtu? Sasa ukienda, tutabaki na nani?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilitafuta neno moja la uongo katika yale niliyokuwa nimesema, ili nilikane, nikalikosa.

Nchiru walipata mtu mwingine. Mume wangu hakugomba. Aliuliza tu kama mama yake aendelee kukaa na mtoto, nikasema ndiyo, tukahamia habari za mvua.

Sistimu inafanya kazi, siwezi kusema vinginevyo. Msichana wa Mbeere husoma hata siku za kuchuma. Mimi na mashine tumewekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe, hakina dirisha, na nikiwa Meru Jumapili stima ikipotea, napigiwa simu kabla sijamaliza chakula. Zipo siku naichukia hadi natamani kuing'oa kwenye ukuta. Masomo najirekodi mwenyewe nikifundisha, kwa video fupi fupi, zisijaze simu za watu. Mume wangu aliomba nimwekee machache, mtoto awe ananiona.

Mwezi uliopita nilifika nyumbani bila kutangaza. Mlango ulikuwa wazi. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, simu imeegemezwa kwenye sufuria, nami nikiwa ndani yake nikifundisha jinsi ya kuhifadhi kazi kabla ya kuzima kompyuta. Nikasikia sauti yangu ikiuliza, kama ninavyouliza mwisho wa kila kipengele, kama wameelewa. Akaitikia kwa adabu, bila kutoa macho kwenye simu:

"Ndiyo, mwalimu."

Nilibaki mlangoni na kichana changu cha ndizi, nikangoja somo liishe.