Tango Lililoachwa kwa Mbegu

Juzi jirani alinionyesha matango kwenye kitalu nyumba chake, na harufu ile ikanirudisha utotoni. Shule niliacha mapema, lakini kwenye kilimo hanidanganyi mtu.

Mama alinunua Tunduma mbegu za matango chotara. Yakazaa mno, hata mbegu zetu za zamani zikaliwa na panya, mama asijali. Tango moja akaliacha liive njano, liwe la mbegu. Nilililinda tangu ua, nikifukuza kila nyuki.

Alipolipasua, ndani kulikuwa na nyama tupu.

“We mtoto, umekula mbegu?”

“Nimekulaje, mama, na lilikuwa zima?”

Nililia, nikidhani nyuki niliowafukuza ndio wangezileta. Leo najua aina ile huzaa yenyewe bila nyuki, na matunda yake hayana mbegu.

“Tusubiri lingine,” nikamwambia.

“Lipi?” akajibu. Mashina yote yalikuwa yamekauka.