Hodi Mlangoni pa Stoo

Daktari wangu namjua kuanzia kifuani kwenda juu. Sijui kama ni mrefu au mfupi, wala kama huko kwake amevaa viatu au yuko pekupeku. Yeye naye ananijua nikiwa nimekaa juu ya kiroba cha mchele, makoti ya baridi yananing'inia nyuma ya kichwa changu. Siku ya kwanza aliniuliza kwenye simu ya video kama niko mahali salama. Nikamwambia niko stoo. Akauliza tena, taratibu, kama kuna mtu aliyenifungia humo. Nikacheka, ingawa swali halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

Naishi na mama yangu huku ughaibuni, kwenye mojawapo ya maghorofa ya mtaa wa Flemingdon Park, upande unaotazama bonde. Chumba kimoja, sebule, jiko la kugeukia tu, na bafu. Mlango wa bafu hauna komeo. Mama ndiye aliyemwita fundi wa jengo aje aling'oe, akamsimamia na kanga yake mabegani mpaka skrubu ya mwisho ikatoka. Basi kama nina la kumwambia daktari ambalo mzazi hapaswi kulisikia, na yalikuwa mengi, kimbilio langu ni stoo.

Nilikuwa natunza wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwainua kitandani, kuwakalisha kitini. Siku moja mgongo ukagoma. Daktari mwingine, si huyu, akaniandikia vidonge vya maumivu, nami nikavizoea upesi kuliko nilivyozoea baridi ya nchi hii. Alipoacha kuniandikia, mwili ukadai. Kwetu Tanga hali ile tunaiita arosto, na tulipokuwa wasichana tuliwacheka vijana walioipata, wakijikuna barazani na kamasi zinawatoka. Sikujua kwamba arosto humpata hata mwanamke mwenye hijabu iliyopigwa pasi. Nikaanza kununua mitaani. Teja ni teja, hata akipanda lifti.

Siku vidonge vya mitaani viliponizidi nikaanguka bafuni, mama alikuja mlangoni akapiga hodi. Yeye alilelewa hivyo na sisi akatulea hivyo: hodi ni tatu. Usipoitikiwa unageuka unakwenda zako, kwani mwenye nyumba ana lake na hataki kuonwa. Akapiga hodi zake tatu, kwa sauti ya adabu, akarudi jikoni kuchambua mchele. Mimi nilikuwa chini sakafuni, midomo imeshabadilika rangi. Kilichoniokoa ni bomba nililoliacha wazi. Maji yalipopita chini ya mlango yakaingia kwenye zulia, mama alirudi kunigombeza. Mlango wenyewe haukuwa umefungwa kwa komeo. Angeusukuma tangu mwanzo ungefunguka.

Jirani wa mlango wa pili, ambaye hana neno hata moja la lugha yetu, ndiye aliyepiga simu. Watu wa ambulensi wakanipulizia dawa puani, nikarudi. Cha kwanza nilichosikia ni mama akiwaambia watu wale wasiomwelewa, "Nilipiga hodi. Wallahi nilipiga hodi."

Komeo likang'olewa, na tangu hapo hodi haikuisha. Hodi nikiwa bafuni, hodi nikiwa nimejifunika blanketi sebuleni, ambako hakuna mlango wa kupigia hodi. Na lazima niitikie. Nikichelewa kidogo nasikia ndala zinakuja mbio. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, najua, lakini jamani, zilikuwepo siku nililichukia lile neno. Kazi sina, nje barafu, mgongo hauniruhusu kwenda mbali, na ndani naitwa. Mama naye alikuwa hatoki, anaogopa kuniacha peke yangu. Tulilindana kama wafungwa wawili ambao kila mmoja ndiye askari wa mwenzake.

Daktari wa kwenye simu akanianzishia dawa inayoitwa buprenofini. Ni kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kiyeyuke chenyewe. Kinaituliza arosto bila kukulewesha. Masharti yake ni kwamba usikimeze, usinywe maji, usiseme neno mpaka kiishe. Na siku za mwanzo, kila asubuhi, muuguzi akitazame kwenye simu kikiingia, kisha aone ulimi ukiinuliwa na chini yake pakiwa patupu.

Mama hakuipenda habari hiyo. "Yaani umetoka kwenye vidonge, unaingia kwenye kidonge?"

"Hiki ni cha kunizuia nisife, mama."

Akaendelea kukuna nazi.

Asubuhi ya kwanza nikaingia stoo, kidonge chini ya ulimi, kichungu kama ganda la chungwa, mate yamejaa mdomo mzima. Muuguzi ananitazama. Nje nikasikia, "Hodi." Nikamtazama muuguzi. Akainua kidole kunionya nisiseme. "Hodi." Nikakaza midomo. Hodi ya tatu haikuja. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, mama akaniangukia na makoti yakatuangukia wote wawili. Alinishika uso akawa ananipiga mashavu. "Sema! Sema, we mtoto, sema!" Kidonge kikateleza kooni nikakimeza, dawa ya siku nzima imepotea. Muuguzi masikini aliona makoti tu na kusikia vilio katika lugha asiyoijua. Nilikasirika mpaka nikalia. Mama alikuwa ameshaanza kulia kabla yangu.

Nilipomweleza kwamba sikuwa nimekataa kuitika, ila nimekatazwa, aliyarudisha makoti kwenye msumari moja moja.

"Mdomo umefungwa, sawa," akasema. "Na mkono je?"

Ndivyo tulivyopatana. Yeye anapiga hodi akiwa nje, mimi nagonga mlango nikiwa ndani. Nikishagonga, naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango kinaondoka. Majira yote ya baridi yakapita hivyo. Hata muuguzi alipoacha kunitazama, stoo niliendelea nayo, kwa kuwa mama alishazoea kunitafuta pale. Nilikaa mle na harufu ya nafthalini ya kuzuia nondo, mtu mzima niliyevuka miaka arobaini, nikigonga mbao kumjulisha mama yangu kwamba napumua. Nilikuwa nimepona kuliko nilivyowahi kupona, na sikuwahi kujiona nimebanwa kama wakati ule.

Kisha daktari akaniambia ipo sindano. Unachomwa tumboni mara moja kwa mwezi, zahanati, na vidonge vya kila siku unaachana navyo. Nilipanda basi nikaenda. Nilirudi nimebeba mkate na maua ya sokoni, mimi ambaye sinunui maua.

"Mama, stoo basi!" nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema, akageuza chapati.

Kesho yake niliamka mapema nikashuka na nguo chafu kwenye mashine za chini ya jengo. Sikumuaga, alikuwa bado anasali. Nilikaa pale nikitazama nguo zikizunguka, hakuna aliyeniita, nikaona raha kama mtoto aliyetoroka chuo cha Kurani. Niliporudi na kapu langu, nikasikia sauti kabla sijafungua mlango wa mbele.

Mama alikuwa amesimama mbele ya stoo, paji la uso limegusa mbao, kiganja kinapiga. "Hodi. Hodi. Hodi." Tatu alishazipita zamani. Hakuwa anahesabu tena.

"Mama! Niko hapa."

Akageuka akanitazama kana kwamba nimemdhulumu.

"Si nilikwambia jana stoo basi? Na mlango huo hauna komeo. Mbona hukuufungua?"

"Niliogopa," akasema. Alikaa chini palepale. "Wewe umechomwa sindano, umemaliza. Na mimi nitajuaje?"

Na nisiseme uongo, huruma haikuwa ya kwanza kunijia. Ya kwanza ilikuwa hasira. Nilihisi mlango niliotoka jana umefungwa tena, na safari hii daktari hana sindano yake. Nikaweka kapu chini, nikaanza kukunja mashuka.

Asubuhi iliyofuata niliingia stoo. Sikuwa na simu wala kidonge. Nikafunga mlango, nikakaa juu ya kiroba cha mchele katikati ya makoti, ulimi mtupu. Ndala zikaja, zikasimama.

"Hodi."

"Karibu, mama."

Hakuingia. Kivuli cha miguu yake kilikaa kidogo chini ya mlango, kisha kikaelekea jikoni. Nami nikabaki palepale mpaka niliposikia anajaza birika maji, nisije nikatoka upesi akajua kwamba niliingia kwa ajili yake.