Nilipojifanya Nimelala kwa Meza ya Upasuaji

Nyinyi mmewahi kukimbia mbele ya baba mkwe na gauni ya hospitali iko wazi huko nyuma? Mimi nimekimbia, na hiyo aibu nilijitafutia mwenyewe.

Miaka ya hamsini hiyo, babu yenu ni mpishi wa Wazungu huko Spring Valley, na mimi nimelazwa hospitali hapa Nairobi, mwili umevimba wote na jipu kwa paja kama ngumi. Daktari alikuwa kijana Mhindi, mpole (sijaona kama yeye tena), akanieleza polepole ati damu yangu imepungua protini, na watu kama sisi dawa ya usingizi inaweza kutuzidi tusiamke, kwa hivyo anachunguza tunahitaji kiasi gani, anadunga kidogo kidogo, mgonjwa anahesabu, akinyamaza anaandika hicho kiasi kwa kitabu.

"Mama, hesabu mpaka ulale."

Na mimi shule nilikaa muhula mmoja! Nilijua mpaka ishirini, mbele ya hapo giza. Nikafika ishirini usingizi hakuna, nikaona haya, nikafunga macho nikakoroma (nilikoroma vizuri, hata nesi akasema, "Huyu ameenda"). Daktari akaandika. Kisu kikagusa jipu.

Woi! Niliruka hiyo meza, nikasukuma mlango, nikatokea kwa veranda saa ya kuona wagonjwa, na nani amekaa pale? Baba mkwe! Kwetu Waluhya mkwe hata mkono hampeani. Akafunika uso na kofia: "Mungu wangu, nani ataniongoza nje?"

Nikarudishwa. Daktari akasema, "Kosa ni langu, Mama. Damu yako imenishangaza." Ningenyamaza tu, lakini kesho Nafula wa kitanda jirani, mgonjwa kama mimi, angepimiwa dawa na huo uongo wangu, akatwe akiwa macho ama azidishiwe asiamke.

"Daktari, sikulala. Nambari ziliniishia."

Hakunicheka. Alipiga mstari kwa huo ukurasa, akauliza, "Unajua nini yenye ni ndefu?"

"Nyimbo za kanisa. Zote!"

Basi kesho yake nikaimba, ubeti wa tatu sikumaliza. Nafula naye alitaja ng'ombe za babake, moja moja na rangi zake. Wote wawili tuliamka. Yule daktari alikuwa na akili, jamani!

Juzi nilimwambia hii hadithi mjukuu wangu Nekesa, mwenye anasomea udaktari. Alicheka mpaka machozi, halafu akanishika mkono: "Kukhu, mgonjwa yeyote nitampa dawa ya usingizi, nitamuuliza kwanza anajua nini. Hakuna mtu ataona haya mbele yangu."