Nilimvunja Mjukuu Wangu Kidole Anachosomea

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Mimi ni bibi, naishi Pasiansi, naanika dagaa na kuuza. Shule niliishia darasa la pili, kusoma kwangu ni kwa kuungaunga.

Mjukuu wangu Neema nilikuwa naye tangu mdogo. Alikuwa anasoma kwa kidole, neno moja moja, na mstari wa chini anauziba kwa kipande cha boksi. Nikamwona mvivu. Mimi dagaa wakiwa wametandazwa, nikitupa jicho mara moja nimeshaona walioharibika wote. Nikaamini mtu aliyesoma, naye anauona ukurasa mzima hivyo hivyo.

Siku jumuiya yetu ya kanisani ilipokutana kwangu kusali, nikampa asome Neno.

"Toa kidole. Toa na hilo boksi."

Akatoa. Akarukia mstari wa chini, akarudi juu, akakwama. Mama mmoja akasema, "Huyu anasoma au anatafuta chawa?" Wakacheka.

Walipoondoka nikachukua fimbo ya kugeuzia dagaa. Nikampiga mgongo, nikampiga miguu. "Soma." Anasoma analia, na kidole kinarudi palepale kwenye karatasi. Nikakilenga. Pigo la pili nikasikia mfupa.

Jamani, nilisikia kabisa.

Hospitalini sikumficha daktari, nikamweleza na habari ya kusoma kwa kidole. Akaweka gazeti mbele yangu.

"Bibi, tazama neno hili tu, macho yasihame. Haya, lile la mwisho wa mstari linasemaje?"

Sikuliona. Palikuwa na weusi tu, kama kitu kilicho ndani ya ukungu. Akaniambia hata yeye haoni zaidi ya hapo. Jicho linashika herufi chache, linaruka, linashika nyingine. Kwa Neema zinabanana zaidi, kidole ndicho kilichomshikia mahali alipofika.

Mama yake Neema akaja kutoka Kisesa. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimemfuata mtoto. Naomba usiseme kitu."

Nikamkusanyia Neema nguo zake.

Juzi nilikwenda kumwona Neema. Aliniamkia vizuri, mikono kaificha mgongoni. Kidole kimeunga kikiwa kimepinda. Kitabu hagusi, hata mwalimu akimbembeleza.

Wewe unayemchapa mtoto kwa sababu anasoma polepole, weka fimbo chini umuulize anaona nini. Mimi niliuliza mfupa ukiwa umeshavunjika.