Kutoka Uwanjani Hadi Kisimani

Mpira wangu wa kwanza uliniumiza kabla sijaupiga teke. Kwetu Handeni tulikata mbungo, mtambaa wenye utomvu wa mpira, porini, tukajipaka utomvu wake mikononi, ukikauka tunaubandua pamoja na vinyweleo vya mikono, kisha tunauviringa uwe mpira. Nililia, nikatukana, nikapaka tena. Sheria yetu ilikuwa moja: waliofungwa wanawabeba washindi mgongoni hadi kisimani. Nilibeba sana, na dada yangu alikuwa akinicheka mpaka anakaa chini.

Ujanani nilihamia Korogwe, nikajifunza kusoma misheni. Mzungu wa pale alinikabidhi mpira wa ngozi na kipenga, akaniambia niwafundishe vijana. Nilikuwa mkali, sikatai. Anayepiga mpira juu kwa kutafuta sifa namtoa nje, akalie huko. Lakini sheria ya kwetu sikuiacha. Niliona inawafunza kufungwa bila kununa, tena inakaza miguu.

Dada akaniletea mwanawe wa pekee. Kwetu Wazigua mtoto wa dada ni wa mjomba. Akipotea, anayeulizwa ni mimi.

"Nimekupa huyu," akasema. "Nirudishie mzima. Sitaki habari nyingine."

Mtoto yule, we! Alikuwa golikipa, kifua kipana, anabeba wenzake wawili kwa mpigo na mdomo haufungi. "Mjomba, enzi zako ulikuwa unabeba au unabebwa?" Nilikuwa nikimkimbiza na fimbo, naye anacheka. Nilimpenda mno.

Vita vilipoanza, askari wa Mjerumani wakawa wanazoa wapagazi. Jioni moja walisimama kando ya uwanja wakatutazama mpaka mwisho. Nikadhani wamependa mchezo. Waliofungwa wakainama, wakawabeba wenzao, na askari wakawafuata hadi kisimani. Pale wakachagua. Hawakuhangaika kumpima mtu. Waliwatoa waliofika bila kuhema. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza.

"Nichukueni mimi," nikawaambia. "Mimi ni mjomba wake."

Wakaliangalia goti langu bovu, wakanisukuma kando.

Dada alikuja kwa miguu toka Handeni. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alikaa barazani kwangu, akainuka, akaenda zake. Baada ya mavuno akaja tena, akakaa vilevile. Vijana waliobaki hawakutaka kucheza, nami kipenga nilikichukia, nikakitupa uvunguni.

Mpwa wangu alirudi Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka. Nilimwona anafuata njia ya reli, nikadhani ni mzee fulani.

"Shikamoo, mjomba."

Sauti ndiyo niliyoitambua. Nikamshika, nikalia mbele ya watu bila haya. Nilipomuuliza habari za wenzake, akasema amerudi peke yake.

Nikamwambia twende kwa mama yake. Akasema kwanza nimpeleke uwanjani. Mpira wa ngozi ulikuwa umekwisha kuoza, nikafunga matambara.

"Kaa golini, mjomba."

Akapiga. Mpira ulikuja ukijikokota kwenye majani, nikauacha upite.

"Umefungwa," akasema. Kidogo akatabasamu. "Haya, inama."

Nikainama, akapanda. Mbavu zake zilinichoma mgongoni. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia dada. Goti langu ni bovu na miaka ilikwisha kunienda, lakini kisimani nilifika bila kuhema.