Mama Msasa na ukuta wa kuhama nao

Saa mbili asubuhi, jua likiwa limeingia nusu ya uwanja, Mama Msasa anapiga goti moja juu ya shiti ya plaiwudi na kuikandamiza kwenye benchi isicheze. Penseli iko nyuma ya sikio. Barakoa iliyopauka imefunika pua na mdomo. Anawasha msumeno wa umeme, na uwanja mzima unajaa kelele na vumbi la mbao.

Hakuna anayelalamika. Wapangaji wenzake wamekwisha kuanua nguo zao kwenye kamba. Wanamjua: akianza kupasua, hasikii la mtu.

Anapozima msumeno anashusha barakoa na kuendelea na sentensi aliyokuwa ameikatisha, kama vile hakuna kilichopita katikati.

"...ndiyo maana nikasema sitapigilia tena msumari kwenye ukuta wa mtu. Haki ya Mungu. Hata picha siipigilii."

Mama huyu wa mtoto mmoja anatengeneza kuta za mbao kwa ajili ya vyumba vya kupanga, ila mbao zenyewe si mbao. Ni plaiwudi nyembamba aliyoipasua mwenyewe. Shiti moja inampa vipande vinane vya upana wa inchi sita. "Kasoro kidogo," anasahihisha, "maana msumeno nao unakula."

Vipande hivyo anavipiga msasa kwenye kingo, anavipaka rangi mbele na nyuma, kisha anavilaza kimoja juu ya kingine na kuacha mwanya mwembamba katikati. Kipimo cha mwanya ni sarafu. Anaichomeka kati ya vipande viwili, anakaza skrubu, anaichomoa, anasogea mbele. Kazi ikiisha, chumba kinapendeza kama vya kwenye majarida, kwa gharama isiyofika theluthi ya mbao halisi.

Lakini ukimsifia uzuri wa kazi yake, anakunja uso.

"Watu wanadhani nilianza kwa ajili ya urembo. Urembo gani? Nilianza kwa sababu ya kifua cha mwanangu."

Jina la Mama Msasa alilipata kwenye karakana ya samani, ambako kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kulainisha vitanda na makabati ya watu wengine. Wanaomfahamu vizuri wanasema jina lingemfaa hata kama asingeshika msasa, kwa jinsi ulimi wake unavyokwaruza.

Wakati huo yeye, mumewe na binti yao walikuwa wakipanga vyumba viwili mitaa michache kutoka hapa. Mvua zikianza, ukuta wa chumba cha mtoto ulikuwa ukitoka jasho. Rangi ilivimba kama malengelenge, ikapasuka, na nyuma yake ukungu mweusi ukaanza kupanda kutoka sakafuni. Binti alikuwa na miaka saba. Alikohoa usiku, akakohoa shuleni, mpaka daktari wa zahanati akamwambia mama yake neno ambalo hajalisahau: "Dawa nitampa, lakini kinachomuumiza ni chumba anacholala."

Akaenda kwa baba mwenye nyumba. Akaambiwa afungue madirisha. Akafungua. Akarudi, akaambiwa waache kupikia ndani. Hawakuwa wakipikia ndani. Akarudi tena na tena, kwa miaka sita, mvua baada ya mvua.

"Siku moja akaniambia, 'Tatizo ni nyie wenyewe. Mnapumua sana humo ndani.'" Mama Msasa anaweka penseli chini ili mikono yote miwili iwe huru kusema. "Mnapumua sana! Mimi nina mtoto hawezi kupumua, yeye anasema tunapumua sana!"

Ndipo wakaamua kujitengenezea. Mumewe, mlinzi wa ghala, mtu mpole asiyependa maneno, alipanda juu ya paa siku yake ya mapumziko na kukuta mfereji wa maji ya mvua umetoboka. Maji yote yalikuwa yakimwagika moja kwa moja nyuma ya chumba cha mtoto. Shimo lenyewe halikuzidi kiganja. Aliliziba asubuhi hiyo hiyo.

Wakakwangua lipu iliyooza, wakausugua ukuta kwa dawa ya kuua ukungu, wakasubiri ukauke. Ulikauka, lakini ulibaki na makovu kila mahali, na Mama Msasa hakutaka binti yake aendelee kulala akiyatazama. Akaanza kununua plaiwudi, shiti moja moja, kila alipopata. Kwanza alipigilia fito ili hewa ipite kwa nyuma. Juu yake akapigilia vipande na kuvitia gundi, akiacha upenyo juu na chini.

"Ukibandika plaiwudi kwenye ukuta unaotoka jasho, umeizika tu," anasema. "Itaoza, na ukungu utanenepa kwa raha zake gizani."

Wakapaka rangi nyeupe. Mtoto akahamishiwa humo.

"Niliamka usiku kumsikiliza. Kimya. Nikashtuka, nikadhani amekufa. Kumbe amelala tu! Nilikuwa nimesahau mtoto aliyelala anakuwaje."

Majirani wakaja kuona. Wawili wakaomba watengenezewe vyao. Halafu akaja baba mwenye nyumba.

Ilikuwa alasiri. Mama Msasa alikuwa akifua, mapovu yamemfika kwenye viwiko. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia baba mwenye nyumba na kijana mmoja na mkewe, maharusi wapya wanaotafuta pa kuishi. Akawapeleka moja kwa moja kwenye chumba cha mtoto, akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Huu nimeuweka mwenyewe," akawaambia. "Nilitafuta fundi wa uhakika."

"Umependeza," akasema yule bibi harusi. "Lazima ulikugharimu."

"We acha tu, mwanangu."

Mama Msasa alikuwa amesimama mlangoni, mapovu yakimdondoka miguuni. Wageni wakamsalimu kwa adabu, wakatoka.

"Mpaka leo sijui ulimi wangu ulikwenda wapi," anasema, na sauti yake inashuka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Mimi! Mtaa mzima unanijua kwa mdomo! Nimesimama pale kama ndoo."

Wiki iliyofuata wakapewa taarifa ya kuhama. Eti mpwa wa baba mwenye nyumba anaoa, anaihitaji nyumba.

Mumewe alitaka wafungashe kimyakimya. "Tuhame tu, mama," alimwambia. "Tusigombane na mtu kwenye nyumba yake."

"Nyumba ni yake. Ukuta ni wangu."

Mumewe anacheka anapokumbuka jibu hilo. "Nikiisikia sauti ile, sibishani," anasema. "Nilikwenda kutafuta nyundo."

Walianza mchana kweupe, madirisha yote wazi, ili asije mtu akasema wameiba. Lakini misumari na gundi vilikuwa vimeshikana kwelikweli. Kila walipovuta, plaiwudi ilipasuka. Walikuwa wamefika nusu ya ukuta pale baba mwenye nyumba alipoingia akifuatana na mwenyekiti wa mtaa. Nyuma yao wakajaa majirani.

"Anabomoa nyumba yangu!"

"Sibomoi. Nachukua changu."

Mwenyekiti akainama, akakitazama kipande kimoja. "Hiki kimepigiliwa?"

"Kimepigiliwa," akajibu Mama Msasa. "Nimekipigilia mimi."

"Basi. Kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha nyumba. Ndivyo tunavyoamua siku zote."

"Na ule ukungu, mwenyekiti? Nao ni wa nyumba? Maana huo nilikuwa namwachia."

Watu wakaangua kicheko. Baba mwenye nyumba hakucheka. Ila kicheko hakikubadilisha kitu. Mwenyekiti akatoa uamuzi wake palepale: vilivyovunjika achukue, vizima aviache.

"Nililia," anasema, "lakini usiandike kwamba nililia kwa huzuni. Nililia kwa hasira. Machozi ya hasira yanaunguza."

Walihamia kwenye uwanja huu, chumba kimoja badala ya viwili. Akaacha kazi ya karakana. Kwa siku kadhaa, anasema mumewe, alikuwa akiosha vyombo huku akirudia peke yake maneno ya mwenyekiti: kilichopigiliwa, kilichopigiliwa. Kisha asubuhi moja akaacha kuosha.

"Nikajiuliza, na kisichopigiliwa je?"

Jibu ndilo hili lililoegemezwa ukutani leo. Vipande vya plaiwudi vimekazwa kwa skrubu kwenye fremu nyepesi za fito. Fremu zinasimama zenyewe sakafuni kwa miguu yake, zinaunganishwa kwa ndoano, kisha zinabanwa kutoka kona hadi kona kwa kabari za mbao. Hakuna hata msumari mmoja unaogusa ukuta wa mwenye nyumba. Siku ya kuhama unagonga kabari, unafungua ndoano, unapakia ukuta wako kwenye mkokoteni pamoja na godoro.

Wateja wake karibu wote ni wapangaji. Kinyozi mmoja amehama na ukuta wake mara mbili. Mara ya pili baba mwenye nyumba alimfuata mpaka barabarani akiudai.

"Kinyozi akamuuliza, 'Mzee, hata kabati langu lilisimama pale pale. Nalo ni lako?'" Mama Msasa anacheka mpaka anajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kicheko hakidumu. Anapoulizwa kuhusu wenye nyumba wanaotaka kazi yake, uso unarudi palepale. Wiki iliyopita mmoja alimwita kupima chumba. Ukuta ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kiuno. Alitaka ufunikwe kabla mpangaji mpya hajaja kuangalia.

"Nikamuuliza maji yanatoka wapi. Akasema, 'Hayo hayakuhusu, wewe funika.' Yaani mtoto wa mtu alazwe pale, aanze kukohoa, na mama yake asijue kwa nini, kwa sababu mimi nimepaka rangi nzuri juu? Nilimwambia atafute fundi mwingine. Na nilimwambia na mengine, hayo usiyaandike."

Kwa mpangaji pia swali la kwanza ni hilohilo: unyevu unatoka wapi. Usipozibwa, hachukui kazi. Wapo waliokasirika na kuondoka. Yeye hawafuati.

Binti yake sasa ana miaka kumi na sita. Dawa yake ya kuvuta bado iko kwenye mkoba wa shule, lakini hakumbuki vizuri mara ya mwisho kuitumia. Mama yake anakumbuka.

Jumamosi hii kuna mkutano wa mtaa, na wapangaji wa nyumba kadhaa wamekubaliana kwenda kwa pamoja. Wanachotaka ni kimoja: uamuzi ule wa misumari uondolewe. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza, na mpangaji akatengeneza kwa mkono wake, basi ama alipwe au aondoke nacho, kiwe kimepigiliwa au hakikupigiliwa. Mama Msasa ndiye waliyemchagua kusema kwa niaba yao. Baba mwenye nyumba wake wa zamani huwa hakosi mkutano, na hukaa mstari wa mbele.

Mumewe, ambaye amerudi kutoka lindo na amekuwa akisikiliza mlangoni, anakohoa kidogo.

"Mama, siku hiyo uongee kwa upole."

"Upole nitakwenda nao," anajibu bila kugeuka, akiirudisha barakoa mahali pake. "Ila nikianza, mtu asiniambie muda umekwisha. Miaka sita nilimwambia yeye peke yake. Sasa nataka nimwambie watu wakisikia."