Sale Zimeng'olewa Shambani Kwetu

Leo, masika, mwaka wa kumi tangu niwakimbie Wajerumani kule Meru.



Mtoto wa marehemu mdogo wangu amenifuata hapa Taveta, anacheka.

"Shikamoo, baba mkubwa. Shamba letu nimemwazima Mjerumani mmoja, mavuno mawili tu. Wakili wa kuandika mkataba wa nini? Nimempa jani la sale mbele ya wazee."

Kwetu jani la mmea huo ni kiapo.

Nikamuuliza, "Na sale tulizopanda mpakani?"

"Amezing'oa, akachimbia vigingi vya chuma. Nilidhani anajenga zizi."

Akautazama uso wangu. Kicheko kikamwisha.

Shamba limekwenda; vigingi hivyo ndiyo mipaka ya Mjerumani.

Kaburi la mama yangu limo ndani ya vigingi, anasema, na jirani aliyevuka kufuata mbuzi wake amechapwa viboko.

Mlioko huko Meru, mngemtafuta wakili gani sasa?

Mimi sitarudi.